Randa ya babu na jeneza la nyanya

Kinsi, uko? Mama amenisimulia sasa hivi kwa nini babu Nyasani aliacha useremala. Bado nimekaa tu jikoni.

Ilikuwa 1973, hapo Kebirigo. Nyanya alifariki, babu akasema jeneza atalitengeneza mwenyewe.

Mbao ya kifuniko ilikuwa na nyuzi zilizopindana. Mbao kama hiyo inataka jino la randa lisimame zaidi, na randa isukumwe moja kwa moja. Lakini babu hakuwa amekula tangu msiba, nguvu hana. Akaikingamisha randa, akaisukuma ikiwa imekaa mshazari, ili iwe nyepesi.

Ikawa nyepesi kweli. Lakini ukiikingamisha ni kama umelilaza jino, linaingia chini ya nyuzi na kuzing'oa.

Ikang'oa katikati ya kifuniko. Akarudia. Ikang'oa tena.

Shemeji yake Ombui akamwambia, "Wacha sasa, watu wanangoja. Tumzike hivyo."

Babu akajibu, "Milango ya watu nimelainisha. Huyu wangu nimemchana."

Nimemchana, Kinsi. Alisema hivyo.

Jeneza likabebwa. Babu akatembea kando yake mpaka kaburini, kiganja kimefunika pale palipong'oka.