Simu ya Chumba cha Kujifungulia

Jumatatu, 3 Machi
Dawa ya saa moja. Uji nusu bakuli. Miguu imevimba tena. Binti yangu Aimée anataka nilale. Siwezi. Nina jambo la miaka sita.

Jumanne, 4 Machi
Niandike wazi. Nilikuwa fundi wa simu za intaneti katika kliniki moja ya Makiso. Radi iliunguza simu ya chumba cha kujifungulia, nikaweka mpya. Simu ikilia chumba cha jirani, unabonyeza nyota kisha nane kwenye simu yako, unaipokea ukiwa kwako. Lakini lazima simu zote mbili ziwe zimepangwa katika kundi moja kwenye mtambo. Hiyo mpya sikuiingiza kundini. Nilijaribu kupiga. Nilijaribu kupokea. Nyota nane sikuijaribu. Nilikuwa nawahi matanga.

Jumatano, 5 Machi
Siku mbili baadaye zahanati moja upande wa Banalia ilipiga simu hiyo mpya kuomba ushauri. Mzazi anavuja damu. Mkunga alikuwa kwenye upasuaji, mlango wa chumba cha kujifungulia kaufunga. Muuguzi Véronique, chumba cha pili, akabonyeza nyota nane. Simu ikaendelea kulia. Kisha kimya.
Mzazi alifariki. Sijui hata jina lake. Wakuu wa kliniki walisema Véronique alipuuza simu, wakamfukuza.
Kesho yake niliona kosa. Nililirekebisha kwa dakika moja. Nikanyamaza. Woga tu.

Ijumaa, 7 Machi
Véronique sasa anauza makayabu, samaki wa chumvi, sokoni. Nimemtuma Aimée amwite. Hakuja. Kifua kinabana. Naogopa kufa kabla hajafika. Naogopa pia akifika.

Jumapili, 9 Machi
Amekuja. Kaketi mbali. Nimesema yote.
"Papa, nilifinya ile nyota nane mpaka kidole ikauma. Bwana yangu mwenyewe na mama yake walisema nilikuwa nalala. Na weye ulikuwa unajua?"
Nilijua.
"Bon. Andika, utie sahihi. Halafu utasoma weye mwenyewe mbele ya bwana yangu. Miye nilishasemaka, nilichoka."
Hakusema amenisamehe. Sikuomba.

Jumatano, 12 Machi
Barua moja imekwenda kliniki. Nyingine nimeisoma nyumbani kwa Véronique, Aimée akinishika bega. Mumewe alitazama sakafu. Véronique alisimama mlangoni hadi neno la mwisho. Kisha akaenda uani kumwita mama mkwe wake, akamwekea kiti, akaniambia nianze tena mwanzo.
Nikaanza tena.