Goti la Kushoto

Shikamoo Mama,

Kile kikohozi kimekuachia? Na mpunga wa ng'ambo ya mto umeshachanua? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo haujatulia. Barua hii nimempa Sista Konsolata anayekuja likizo, kwa sababu simu unayotumia alikununulia wakala wangu, yule aliyenitafutia timu, na siku hizi naiogopa.

Huu ni msimu wangu wa kwanza wa kucheza kikapu kwa mshahara. Mimi ndiye senta, yule mrefu anayesimama chini ya goli na kusukumwa na kila mtu. Mkataba unaisha, na wiki hii wanaamua kama waniongezee. Jumatatu daktari wa timu, ambaye hakuwa amewahi kuligusa goti langu, alilibonyeza la kushoto moja kwa moja. Akauliza, "Uliwahi kuanguka kutoka juu ukiwa mtoto?"

Mama, nani huku anajua kwamba nilianguka kutoka juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, nikifukuza ndege mpungani? Tulikuwa mimi, wewe na Bibi.

Nilimwambia Akinyi, Mkenya ninayelala naye chumba kimoja. Akacheka. "We dada, utashuku hadi mpira! Daktari si kazi yake kuuliza?"

"Mbona hakuuliza la kulia?"

Akajifunika shuka, akageukia ukutani. Hata huko kugeuka kwake sikukupenda.

Ndipo nikakumbuka wakala alivyokuja hapo nyumbani Lumemo. Ulimpikia wali na perege, akala kwa mkono, ukaniambia kwa furaha, "Huyu sasa ni mtoto wa nyumbani." Na kwetu mtoto wa nyumbani hafichwi kitu, anasimuliwa mpaka makovu ya watu. Ulimsimulia, sivyo? Najua ulisimulia kwa upendo, mkicheka. Yeye alikuwa kazini, na sasa daktari anajua. Jana nilimwona akimtembeza uwanjani msichana mpya, mrefu kunipita, huenda wa kuchukua nafasi yangu.

Sikulaumu. Akija tena, mpe chakula ashibe, lakini habari zangu aje aniulize mimi.

Utakaposoma hii nitakuwa nimeshamwendea daktari na kumweleza lote, hata maumivu ya asubuhi ninayoyaficha. Wakiniacha, waniache kwa nililosema kwa mdomo wangu.

Msalimie Baba, Bibi aliyenikanda goti lile, na Mjomba wa Sanje.

Nikirudi kabla ya wakati, usimweleze mtu sababu, hata awe amekula kwako. Nitaeleza mwenyewe.

Binti yako,
Fausta