Neno Nililoandika juu ya Mwanakhamis

Ndia Kuu, Mombasa
8 Novemba 1947

Kwa shoga yangu Bi Swabaha,

Salamu zangu zikufikie huko Lamu ungali na afya, na Bwana Muhdhar kifua chake kiwe kimetulia. Sisi huku ni wazima kwa uwezo wa Mungu. Mimi tu nimechoka, shoga, uchovu usioondoka kwa kulala.

Darasa la wadogo mwaka huu lina watoto hamsini na watatu. Nikimaliza kumfuta mmoja kamasi, mwingine amevunja kibao cha mwenziwe. Miaka ishirini na miwili naifanya kazi hii, na sasa sauti hunikauka kabla ya adhuhuri.

Mwanao Mwanakhamis, uliyenikabidhi Januari nimfunze ualimu, alikuja na mambo yake. Nilimwambia mwalimu husimama mbele. Yeye akakaa mkekani na watoto. Kila mama aliyeleta mtoto mpya alimwomba aache leso yake, mtoto aikumbatie hadi machozi yakauke. Nilimcheka, nikasema skuli itageuka duka la nguo. Lakini kufika mwezi wa tatu hapakuwa na aliaye, na mimi nikapata kukaa kitini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nilipona kweli.

Umekwisha sikia kuwa hakupita, na kwamba atarudia mwaka. Umeniandikia kwa upole kuniuliza kosa lake, ukanishukuru na kunishukuru tena kwa kumvumilia. Shukrani hizo zimenikosesha raha, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Mwanakhamis hana kosa. Mkaguzi wa skuli aliniachia mimi niandike kama anaweza kupewa darasa lake mwenyewe. Nikaandika bado, anawadekeza watoto. Angalipita, angalipelekwa kwengine, nami ningalibaki peke yangu na hao hamsini na watatu. Sikuweza, Swabaha. Nilimzuia mwanao ili nipumzike.

Nilidhani mwaka mmoja si kitu kwa msichana wa umri wake. Kumbe ameniamini. Kila alasiri huja kuniuliza ajirekebishe nini, nami humtungia makosa. Mkekani hakai tena. Jana nilikuwa nje ya darasa nikasikia mtoto akikaripiwa hata akajikojolea, na maneno yote yalikuwa yangu. Nilipochungulia, Mwanakhamis alinitazama, akitaka kujua kama safari hii amepata.

Jumatatu nitakwenda kwa mkaguzi nikalifute neno langu. Kwa kuwa najijua nilivyo mwoga, nimekuandikia haya yote kwa mkono wangu. Mwezi ukiisha hujasikia kitu, mpelekee mkaguzi barua hii.

Nisalimie wakubwa, na wadogo uwabusu. Msamaha sikuombi leo, nitauomba nikiisha kutengeneza nilichoharibu.

Ni mimi shoga yako,
Mwanaesha binti Kamaludin