Bata Aliyepelekwa kwa Kalume

Lokandu, tarehe 14 Septemba 2002

Kwa shemeji yangu, mama Latifa,

Salamu nyingi kutoka huku. Naomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu, wewe na mutoto. Sisi tuko. Bibi yangu wa ndoa amenifuata huku, homa yake imepungua.

Shemeji, habari ya Kalume imenikata miguu. Nasikia askari walimukuta kando ya muto na bata, wakasema yeye njo aliyepiga risasi, wakamuchukua. Mimi siku ile sikuwa karibu. Nilikuwa nimekwenda kutega samaki upande wa chini, na niliposikia, njia ya kurudi mujini ilikuwa imefungwa. Kwa sababu hiyo hukuniona kwenye matanga. Kalume alikuwa rafiki yangu tangu ujana. Mungu amupokee. Njia ikifunguka nitatuma samaki wakavu, mutoto asilale njaa.

Shemeji yako,
Okito


Kindu, tarehe 18 Juni 2023

Kwa baba mudogo Okito,

Jambo sana, baba mudogo. Mwili unaendelea namna gani? Mama Joëlle, anayeleta samaki kutoka kwenu, ameniambia uko muzima ila miguu inakusumbua. Pole. Sisi hapa hatujambo. Mama anakohoa asubuhi, lakini anapika na anatugombeza, kwa hiyo tunajua ni muzima.

Mimi ni Latifa, wa Kalume. Uliniona nikiwa na miaka sita. Sasa ninafundisha darasa la tatu, nina mume na watoto wawili.

Ninakuandikia kwa neno moja ambalo labda litakuchekesha. Alain, mume wangu, amenunua bunduki ya kalibre 12, na karatasi zake zote ziko sawa. Lakini hajui kuwinda. Mara tatu amekwenda kwenye visiwa vya muchanga, mara tatu bata wameruka kabla hajakaa vizuri. Mimi nimepata mbwa jike wa miezi saba, anaitwa Subira. Anapenda maji kuliko watoto wangu. Shule inakaribia kufunga, nitakuwa na wakati. Nataka kumufundisha kuleta bata, na mimi mwenyewe nijifunze kupiga. Alain hana neno, anasema atapiga kasia.

Kila muzee ninayemuuliza hapa ananijibu: muulize Okito, yeye na baba yako njo walikuwa na mbwa wa namna hiyo. Tafadhali unifundishe. Kwa baba sikubakiwa na kitu, hata picha.

Mutoto wako,
Latifa


Lokandu, tarehe 2 Julai 2023

Kwa mutoto wangu Latifa,

Salamu kwako, kwa mume wako na wajukuu. Nimefurahi kusikia mama anagombeza. Miguu yangu ni ya uzee tu. Huku mvua imekatika, muto umeshuka, muchanga umeanza kuonekana.

Barua yako niliiweka siku nne kabla ya kujibu. Sijashika bunduki tangu vita. Lakini umeniita baba mudogo, sasa nitafanya nini.

Anza na mbwa, bunduki ibaki nyumbani. Kwanza ajue kukaa na kungoja. Ukimuambia "kaa", akae mpaka umutume, hata kuku apite mbele ya pua yake. Usimupige. Mbwa aliyepigwa akiwa na kitu mudomoni atajifunza kukimbia nacho.

Tafuta kipande cha muti mwepesi unaoelea, ukifunge nguo kuukuu na mabawa ya bata. Mutupie hatua tano tu, kati ya kuta mbili, asipate njia nyingine ila kurudi. Akikiokota usimufuate. Geuka wewe, ukimbie kidogo, naye atakufuata. Mara nne kwa siku zinatosha, uache angali anataka. Usivutane naye kitu na usimupe mifupa migumu ya kuchezea, atazoea kuuma kwa nguvu na bata watakufikia wamepondeka.

Maji: ingia nawe, mahali pa kina kifupi. Usimurushe. Na usimutume kwenye shimo lenye maji meusi yaliyotulia, mamba wangalipo.

Kishindo: akiwa anakula, Alain agonge sufuria mbali. Kila siku asogee kidogo. Mbwa akiacha chakula, rudi nyuma.

Na wewe, nenda alfajiri tatu bila bunduki. Kaa kwenye matete, upepo ukupige usoni, uangalie bata wanatoka wapi na wanatua wapi. Wale wa uso mweupe wanaopiga filimbi wanarudi pale pale. Siku ya kupiga, usipige kundi. Chagua mumoja, ngoja ainuke, upige mbele ya mudomo wake.

Hayo yanatosha kuanza.

Baba mudogo wako,
Okito


Kindu, tarehe 30 Julai 2023

Kwa baba mudogo,

Jambo, baba mudogo, na miguu? Tumekutumia dawa ya kupaka, iko ndani ya mufuko wa Mama Joëlle. Huku watoto wana mafua, si neno.

Yote uliyoandika nimefanya. Subira anakaa. Anaingia maji bila hofu. Sufuria sasa inagongwa hatua kumi kutoka kwake na hata hainui kichwa. Juzi nilipiga bata wangu wa kwanza. Nilimupa Alain bunduki, nikashuka kumungoja Subira.

Lakini kuna jambo hukulieleza, nami nimesoma barua yako mara nyingi nikilitafuta. Subira anaogelea, anashika bata, anarudi, kisha anamutupa kwenye muchanga, hatua tatu kutoka kwangu, anaanza kujikung'uta. Bata wa pili alikuwa hajafa. Alipotupwa alirudi majini akazama, hatukumuona tena. Nimeona aibu kumuacha mnyama ateseke. Namna gani mbwa anafundishwa kutia bata mukononi?

Mutoto wako,
Latifa


Lokandu, tarehe 11 Agosti 2023

Kwa Latifa,

Salamu. Dawa imefika, asante, inasaidia. Niko vizuri.

Kuhusu mbwa, muache aweke chini. Si lazima alete mukononi. Kimbia wewe umukamate bata. Mbwa wengi wako hivyo na watu wanakula.

Okito


Kindu, tarehe 20 Agosti 2023

Kwa baba mudogo,

Natumaini uko muzima. Barua yako ilikuwa fupi, nikaogopa unaumwa. Kama nimekuchosha, unisamehe.

Nimemuuliza Mama, ingawa hapendi habari za mbwa na Subira haruhusiwi kuvuka kizingiti. Alisema Mushale, mbwa wa baba, alikuwa akitia bata katika mukono wa baba polepole kama muntu anayempa mugeni chai. Akaanza kulia. Baba mudogo, sijawahi kumuona Mama akilia kwa ajili ya baba.

Aliniambia kwamba usiku wa mwisho, wakati muji ulipokuwa umefungwa na tulikuwa tunakula majani ya muhogo bila chumvi, mimi nilikuwa na surua. Alimuambia baba, "Mutoto anataka muchuzi wa nyama." Baba akajibu, "Siendi kuwinda. Watasikia bunduki." Kesho yake akatoka na mbwa, hakurudi. Shangazi Yvette alikuwa nyuma ya ukuta akasikia maneno yale. Tangu siku ile ndugu za baba wanasema Mama alimuua mume wake kwa tamaa ya nyama. Hawamuiti kwenye arusi wala kwenye matanga. Na yeye anaamini. Aliniambia, "Mimi njo nilimutuma."

Sikujua haya yote. Sasa ninaona vibaya hata kushika bunduki.

Unijibu, tafadhali.

Mutoto wako,
Latifa


Lokandu, tarehe 3 Oktoba 2023

Kwa Latifa, mutoto wa rafiki yangu,

Nakusalimu, namusalimu na mama yako. Usiniulize habari za mwili leo.

Mama Joëlle amepita hapa mara tatu, na kila mara nilimuambia barua haijawa tayari. Nilikuwa namudanganya. Ilikuwa tayari, nikaichana. Hii ni ya nne.

Mama yako hakumutuma Kalume. Mimi ndiye niliyemutoa nyumbani.

Alfajiri ile nilikwenda kwenu, wewe na mama yako mukiwa mungali mumelala. Bibi yangu alikuwa na homa, nasi hatukuwa na kitu. Nilikuwa nimeficha bunduki yangu kwenye matete na kartushi mbili za risasi. Bunduki ilikuwa yangu. Ya baba yako alikuwa ameizika tangu muji ulipofungwa. Nilimuambia, "Niazime Mushale." Akasema, "Mwenyewe umuite." Nikamuita, mbwa hakutoka mulangoni. Hakuwa akienda na muntu mwingine. Nikamuomba, "Basi njoo ukae tu ndani ya mutumbwi. Nitapiga mara moja, tugawane." Alikataa. Nikaomba tena. Nilimutaja bibi yangu, nilikutaja na wewe. Akaja. Njiani alisema, "Nimemuambia mama Latifa siwindi, na siwindi. Nakuja kwa ajili ya mbwa."

Nilipiga. Bata mumoja akaanguka mbali, Mushale akaingia majini. Tulikuwa tumeshuka kwenye muchanga kumungoja, ndipo tukasikia askari ndani ya matete. Nilitupa bunduki kwenye maji. Walitoka saba. Walitutafuta mwilini, hawakuona kitu. Mukubwa wao akauliza, "Nani amepiga?" Siku zile raia mwenye bunduki alihesabiwa adui. Mimi nilikuwa nimeshika kasia, nikasema, "Sisi ni wavuvi."

Mushale akatoka majini na bata mudomoni. Alinipita mimi. Alikwenda kwa Kalume, akakaa mbele yake, akamunyooshea, jinsi alivyofundishwa. Kalume hakuinua mukono. Mbwa akangoja.

Yule mukubwa akacheka, akasema, "Mbwa amemujua bwana wake." Wakamushika.

Latifa, nilikuwa na nafasi ya kusema. Haikuwa ya kufumba na kufumbua. Walimufunga mikono kwa kamba, kamba ikawa fupi, wakatafuta nyingine. Muda wote huo nilikuwa nimesimama na kasia yangu. Kalume aliniangalia. Hakunitaja. Mumoja wao akaniambia, "Wewe muvuvi, toka hapa." Nikatoka. Nilipiga kasia bila kugeuka, nikasikia risasi moja, nikaendelea kupiga kasia mpaka Lokandu.

Halafu nikamuandikia mama yako kwamba sikuwa karibu. Na samaki wale sikutuma.

Kuhusu shangazi zako, sikujua. Lakini sitajitetea kwa neno hilo, kwa sababu sikuuliza.

Okito


Kindu, tarehe 29 Oktoba 2023

Muzee Okito,

Nimesoma. Sikumusomea Mama. Alain ndiye pekee anayejua.

Siku kumi nilikuwa naingia darasani na kusahau nimeandika nini ubaoni. Nilifikiri nisikujibu kabisa, ubaki unangoja kama sisi tulivyongoja. Kisha nikamuangalia Mama anachagua muchele mulangoni, peke yake, wakati ndugu za baba wana arusi nyumba ya nne kutoka kwetu na ngoma tunaisikia.

Barua haitoshi. Uje umuambie mwenyewe, uso kwa uso. Nauli ya boti la balenyeri usinitajie, utaitafuta. Mimi sitamuambia badala yako.

Latifa binti Kalume


Kindu, tarehe 26 Novemba 2023

Baba mudogo,

Natumaini ulirudi Lokandu salama na mvua haikuwapiga muto mzima.

Najua uliondoka ukifikiri Mama amekufukuza, kwa sababu uliposema yote aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, na wewe ukabaki umekaa kwenye mukeka mpaka Alain akakusindikiza. Nakuandikia ujue kilichofuata.

Alikaa nyuma ya nyumba mpaka adhuhuri. Aliporudi aliniuliza jambo moja tu: "Alisema Kalume alisemaje ndani ya mutumbwi?" Nikamuambia. "Nimemuambia mama Latifa siwindi, na siwindi." Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Basi hakunidanganya." Miaka ishirini na moja, baba mudogo, alikuwa akifikiri kwamba neno la mwisho mume wake alilomuambia lilikuwa la uongo, na kwamba yeye njo aliyelisababisha.

Hajasema amekusamehe. Nami sijasema. Kukuita baba mudogo kumenitoka kwenye kalamu, nimeacha hivyo.

Lakini kuna neno lake nimeagizwa nikufikishie jinsi lilivyo: "Alisema kwa sauti ndogo, ndani ya nyumba yangu, mbele ya watu ambao hawakunitukana. Arudi aseme mbele ya Yvette na ndugu zote za Kalume. Asimame. Asilete zawadi."

Wanakutana Ijumaa ya pili ya Desemba, baada ya sala. Wamekwisha kuambiwa kwamba iko muntu anakuja.

Mutoto wa Kalume,
Latifa


Lokandu, tarehe 3 Desemba 2023

Kwa Latifa, na kwa shemeji kama atakubali salamu zangu,

Nawasalimu. Mimi ni muzima.

Tangu barua yako ifike nimekuwa nikienda mutoni asubuhi, nikisema maneno yale kwa sauti, ili nisije nikakwama mbele yao. Pale pa kamba fupi ninakwama kila siku. Wavuvi wananiangalia. Mumoja aliniuliza ninasema na nani. Nikamueleza, yote, na jina langu ndani yake. Alikusanya nyavu zake akaenda kutega mahali pengine.

Ninapanda balenyeri ya Jumatano. Mutanionyesha pa kusimama.

Okito