Dada Anakunywa Dawa ili Nisilie

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana ndiyo siku tuliyopanga kumsafirisha dada yangu, na mimi niliyeianzisha safari hiyo ndiye sasa ninayetamani isiwepo.

Dada ni mshonaji, ana cherehani zake na wanafunzi wawili, ndiye aliyenilea mama alipokuwa kazini, na miezi michache iliyopita tumbo lilianza kumsumbua, tukadhani vidonda, kumbe ni saratani ya kongosho na imeshafika kwenye ini. Daktari alituita mimi na shemeji, mume wa dada, akatueleza taratibu kwamba hakuna tena la kumponya, watampa dawa ya kutuliza maumivu, twende naye nyumbani tumtunze. Shemeji alilia palepale. Mimi nilikasirika, nikaona wamemchoka, na jirani aliponielekeza kwa bwana mmoja anayeitwa Profesa, mwenye chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, nilikwenda mbio bila kumwambia mtu.

Profesa alinipa dawa ya maji kwenye chupa, akasema inakausha uvimbe, ila ina masharti: dawa za hospitali ziachwe kwa sababu zinapigana na yake, na mgonjwa asionane na wageni. Niliporudi nikawaeleza mama na shemeji, nikafuata yote. Mshauri, kwa wiki mbili dada yangu ameumwa mpaka anang'ata shuka, na mimi namshika mkono namwambia vumilia, ndiyo dawa inafanya kazi. Wanafunzi wake walikuja na gauni la mteja, wamekwama kwenye kola, nikawaambia mlangoni kwamba amelala. Hakuwa amelala. Alisikia sauti zao, akasikia wakiondoka.

Sasa amezidi kukonda, na Profesa anasema kilichobaki ni kumpeleka kwa mwalimu wake, safari ya kutwa nzima kwa gari. Mama ameshafungasha. Shemeji alisema, "Mke wangu hatoki humu ndani," mama akamjibu kwamba basi anataka azikwe upesi aoe mwingine, na tangu hapo hawasalimiani. Juzi nikimnywesha, dada akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe unaiamini hii?" Nikajaza kijiko. Akasema, "Mimi siiamini. Nainywa ili usilie. Hata safari nitakwenda mkitaka, ila nimechoka kuwa mgonjwa mzuri." Kisha akamaliza kijiko. Nikikataa, mama ataona nimemuua dada, nikikubali, nitakuwa nimemtesa mara ya pili, na je, kama huyo mwalimu kweli anaweza? Nifanye nini?

Mdogo mtu, mwoka mikate

Mdogo mtu,

Jibu hili nakutumia leo hii kwa simu, haliwezi kungoja gazeti.

Acha kusoma kwanza, mpigie daktari au muuguzi wa dada yako, kisha urudi. Mwambie yote: chupa, masharti, wiki mbili bila dawa. Usirudishe kipimo cha zamani kwa kukisia, wao watakuambia aanzie wapi. Aibu utaimeza. Dada yako amemeza machungu kuliko hayo.

Umepiga? Haya, tuongee. Mfa maji haachi kutapatapa, sitakucheka kwa hilo. Ukiambiwa aliyekulea hana tiba, utagonga mlango wowote. Lakini ulipomwona anang'ata shuka ukaita huko ni kupona, hapo ulikosea, na ulijua, ndiyo maana alipokuuliza ulikimbilia kijiko. Mtu anayemnyima mgonjwa kitulizo ili dawa yake ipate sifa anafanya biashara juu ya kitanda cha ndugu yako. Na huyo mwalimu wake, waulizie watu aliowaponya, na vipimo vyao vya hospitali. Utasubiri sana. Tiba yoyote nyingine mnayoifikiria, ipelekeni kwa daktari mkiwa na mgonjwa. Inayomkimbia daktari, achaneni nayo.

Kuhusu safari, mwenye mwili ameshasema, tena kwa upole hadi mkajifanya hamkusikia. Mketishe mama kando ya kitanda, shemeji awepo, dada aseme mwenyewe. Wewe sema lako tu: "Mama, chupa niliileta mimi, na nimekosea." Akikasirika, mwache akasirike. Na wale wanafunzi waite kesho waje na gauni lao.

Wasomaji, nimechapisha haya kwa ruhusa yake. Safari haikufanyika. Mama alinuna siku mbili, kisha akaanza kumwosha binti yake miguu kila jioni, na shemeji ndiye aliyekuwa akimletea beseni. Maumivu yalipotulia dada alikula kidogo, akawagombeza wanafunzi wake, akacheka na mumewe. Hakufika mwisho wa mwezi. Jana mdogo mtu aliniandikia: "Mshauri, siku nzuri zilikuwa chache, nami nashinda nikiziwaza zile nilizomnyima. Nizipeleke wapi?"

Sijui, mdogo wangu. Maji yakimwagika hayazoleki, na atakayekuambia ana njia ya kuyazoa ni Profesa mwingine.

Wewe mwingine unayesoma hapa na una mgonjwa ndani, inuka sasa hivi, nenda chumbani kwake, muulize anataka nini, kisha funga mdomo usikilize.