Dionisi kaondoka na sauti ya Klementina

Twalib uko wapi? Nimejiaibisha ukumbini, mbele ya Ifakara nzima!

Si unamjua Dionisi, yule mtani wetu aliyejifunga kanga ya marehemu mke wangu siku ya msiba, akamwigiza mpaka waombolezaji wakacheka? Sasa anazunguka bonde zima na kikundi cha maigizo. Kule Mlimba alikuwa hakimu, kule Kisawasawa mganga. Leo kacheza mke mkorofi.

Kumbe huyo mke ni Klementina wangu! Mwendo wake, kikohozi chake, kila kitu. Akapaza sauti, "Wewe Joachim! Wali unaungua, unatazama nini?"

Twalib, nikasimama. Nikaitika, "Naam, mama Stumai, nakuja!"

Watu walicheka mpaka machozi. Nilisimama kabisa, Twalib!

Nikamfuata mkuu wa kikundi. "Nani kawaruhusu?" Eti, "Mzee, mtani haombi ruhusa." Wakubwa ndivyo walivyo, wanagawa hata wake za watu kama mali yao.

Miaka ishirini niliishi naye, na sauti yake ilishanitoka kichwani. Yule mshenzi anayo, anatembea nayo!

Kesho wanacheza kule Mngeta. Nimeshamwambia bodaboda aje anichukue mapema, nikae mbele.