Pleya Niliyoichagua Nikiwa Nyuma ya Ukuta

Msasani, Tukuyu
Jumatatu mchana

Kaka Ambakisye,

Unisamehe kwa kuchelewa. Haya ni masika ya pili tangu tukulaze kule kwenye migomba ya baba, na sijakuandikia hata mstari. Nilianza mara tatu. Mara ya kwanza mtoto alilia, mara ya pili nililia mimi, mara ya tatu nilisinzia juu ya karatasi mpaka wino ukanichora shavuni. Leo wote wawili wamelala kwa wakati mmoja, jambo ambalo halitokei, basi naandika haraka kabla hawajagundua.

Wote wawili, ndiyo. Atupele unamfahamu, ulimbeba. Huyu mwingine humfahamu. Ni wa kiume, ana miezi saba, tumempa jina lako. Ana jino moja na analitumia vibaya. Nimechoka, kaka. Usifikiri nalalamika, naeleza tu hali ilivyo, kama mtu anavyosema mvua inanyesha. Nayo inanyesha.

Najua kitu ambacho ungeuliza kwanza ni vyombo vya disko. Siku ya kumaliza matanga wazee walikaa wakagawa vitu vyako, kila mtu apate cha kukukumbuka. Kaka yetu mkubwa Gwamaka akapewa amplifaya na spika. Baba mdogo akapewa pleya ya santuri. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Waligawa disko kama watu wanavyogawa ng'ombe, huyu paja, huyu mbavu, wakasahau kwamba hiki chombo kinalia kikiwa kizima tu. Mimi nilikuwa jikoni, nikawasikia, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu na nimelikubali.

Baba mdogo hana umeme. Aliiweka pleya yako juu ya kabati, akaifunika kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa akaweka maua ya plastiki. Bati likavuja. Nilipoenda kuitazama, chini ya kitambaa kulikuwa na ukungu wa kijani, na mota haikuguna hata tulipoichomeka kwenye umeme kwa jirani. Usimkasirikie. Alikuwa anaipangusa kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani.

Mimi nilipewa santuri kwa sababu hakuna aliyezitaka. "Mpeni Subilaga hizo sahani nyeusi," shangazi alisema, "atafunikia ndoo." Sijafunikia ndoo hata moja. Zimejaa nusu ya chumba, tunalala tumejibana kama maharage kwenye ganda. Gwamaka alinirudishia amplifaya na spika mwenyewe, bila kuombwa, juu ya pikapu iliyokuwa inashusha viazi. Alisema, "Mimi nikiwasha, mke wangu anazima. Chukua." Kikabaki kitu kimoja tu, cha kuzungusha santuri.

Sasa sikia. Siku hizi za ruksa, biashara ikiwa huru, maduka ya Mbeya yamejaa mpaka barazani. Siyo kama wakati ule tulipokuwa tunasubiri mtu atoke Zambia na sindano moja kwenye soksi. Mume wangu, Baba Atupele, akapita huko akarudi na pleya mpya. Ina taa nyekundu na kijani, ina kaseti mbili na redio humo humo, na nyepesi kama sinia. Niliinyanyua kwa mkono mmoja, mtoto akiwa kwenye mkono mwingine, moyo ukashuka. Wewe ulikuwa unaniambia, "Subi, pleya ukiweza kuinyanyua kwa mkono mmoja, irudishe dukani." Lakini alikuwa amefurahi yule mwanaume, anawasha taa anazima, anawasha anazima. Nikasema asante.

Na nyumbani ilipiga vizuri, nisiseme uongo. Jioni, kwaya, watoto wanakula, haikuwa na shida. Shida ilikuwa harusini, maana kazi yako ya kupiga disko sasa naifanya mimi. Ndani yake mota imekaa pembeni, na kinachozungusha sahani ni mkanda wa mpira mwembamba kama utepe wa nywele. Nikishika santuri kwa kidole kusubiri mshereheshaji amalize kusema, mkanda unateleza. Nikiachia, unafikiria kwanza. Na baridi na unyevu wa Tukuyu unavijua, mpira wowote hapa unalegea kama ugali wa jana. Harusi ya kwanza ilipita. Ya pili, bi harusi akiwa mlangoni na wapambe wake, umeme ukapungua, na wimbo ukaanza kujivuta kama mlevi anayepanda mlima. Mwanaume mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Dijei! Bi harusi anaingia au anazikwa?"

Ukumbi mzima ulicheka, kaka. Yule binti alilia, poda ikafanya mifereji. Mimi nilikuwa na maziwa yanachuruzika kwenye blauzi, kidole kiko juu ya sahani, nasukuma santuri kwa mkono ili bi harusi afike mbele.

Fundi wa sokoni akakata mkanda mwingine kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Huo haukukatwa sawa, sauti za waimbaji wote zikatetemeka kama za mbuzi.

Baba Atupele akaniambia, kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Mama Atupele, sitaki mke wangu achekwe. Piga mara moja tena. Ikiharibika, santuri zitoke humu ndani, tupate kulala." Nikakubali. Nilimpa neno langu, na unanijua. Harusi iliyokuwa mbele ni ya mwalimu wa hapa Msasani, ilikuwa imebaki wiki tatu. Basi ikawa hivyo: nipate pleya ya kweli ndani ya wiki tatu, au santuri zako ziende kweli zikafunike ndoo za watu.

Nilikuwa najua pleya ya kweli iko wapi. Iko Igogwe, kwa baba mkwe wangu. Alirudi nayo kutoka migodi ya Zambia, ile ya mota iliyokaa katikati chini ya sahani yenyewe, hakuna mkanda, mota ikizunguka ndiyo sahani imezunguka. Kama yako. Amekaa nayo miaka yote anasikiliza kwaya zake Jumapili.

Sasa wewe ulikuwa unaicheka hii desturi yetu ya mke kumkwepa baba mkwe, lakini mimi ndiye niliyeolewa. Tangu harusi yangu sijamtazama yule mzee usoni. Akija njiani naingia migombani mpaka apite. Jina lake silitaji. Chumba alimokaa siingii. Niambie, mtu anachaguaje pleya asiyoweza kuiona, kwa mtu asiyeweza kusema naye? Vile vinukta vya pembeni mwa sahani ulivyonifundisha kuvitazama, vinavyoonekana vimesimama tuli kama mwendo ni sawa, nani angenitazamia? Na imezeeka. Ningeichukua bila kuijaribu nikaaibika nayo mbele ya watu, ningekuwa nimemwaibisha na yeye.

Nikaenda hivyo hivyo, huyu mwenye jina lako mgongoni. Mama mkwe alinikalisha jikoni kwake nyuma, ukuta mmoja tu kutoka sebuleni. Yeye akasimama mlangoni, kati yangu na mzee aliyekuwa sebuleni. Nikamweleza shida yangu. Kabla hajageuka kumwambia, sauti ikatoka ndani:

"Mama Anyisile, mwambie huyo mwenye mtoto, mashine yangu ni nzima."

"Amesikia, yuko hapa nyuma ya ukuta."

"Sijasema naye. Nimesema na wewe."

Nikamwomba mama uwashwe wimbo wowote. Kukawa na muungurumo chini ya wimbo, mzito, kama nyuki ndani ya mtungi. Moyo ukashuka tena. Halafu nikakumbuka mikono yako nyuma ya meza. Nikasema, "Mama, mwulize baba, kuna waya mwembamba unaning'inia peke yake nyuma ya pleya? Aufunge kwenye amplifaya." Kitu kikaburutwa. Muungurumo ukakatika kama umezibwa mdomo, na nyuma yake kwaya ikatoka safi, mpaka nikasikia mama mmoja kwenye ile kwaya akivuta pumzi.

"Miaka yote hiyo," sauti ikasema taratibu, haikuwa inasema na mtu.

Nikasema ashike sahani ukingoni kwa kidole, asubiri, aachie. Aliachia, na wimbo ukaendelea pale pale ulipokatwa, haukujivuta hata kidogo. Nikasema mama achomeke pasi na lile jiko la umeme, vyote viwili, wakati wimbo unapiga. Taa ya jikoni ikawa nyekundu kama kaa. Nilifumba macho. Sauti haikushuka, kaka! Taa ilikuwa inakufa na ile kwaya inaimba kama haijaambiwa.

Likabaki jambo moja, na hilo niliogopa kulisema. Ukumbini watu wanaruka, sindano ya pleya nyepesi inaruka nao. Nikamnong'oneza mama: "Inabidi baba akanyage sakafu. Kwa nguvu." Mama alinitazama, akaziba mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika. Akapeleka ujumbe.

"Nicheze? Ndani ya nyumba yangu? Kwa amri ya mkwe?"

"Siyo kucheza, baba Anyisile. Kukanyaga."

"Kuna tofauti gani?"

Nikaanza kumfunga mtoto vizuri nikimbie. Halafu ukuta ukatikisika. Mara moja. Mara ya pili. Masizi yakadondoka kutoka darini, mtoto akaamka. Mara ya tatu, nahisi hiyo ya tatu haikuwa ya lazima. Sindano haikuruka.

Halafu akauliza, na safari hii hakumtaja mama Anyisile mwanzoni, aliuliza tu hewani: "Huyu alifundishwa na nani?"

Mama akamjibu: "Na kaka yake. Marehemu."

Sikuweza kusema ndaga fijo yangu, ile asante sana ya kwetu. Niliinamia mtoto nikajifanya namnyonyesha, naye alikuwa ameshiba.

Alikubali kuniazima, na masharti yake ni haya, aliyasema kwa ukuta nami nikayapokea kutoka kwa ukuta. Jumamosi ni yangu. Jumapili saa nane mchana iwe imerudi, maana ana kwaya zake. Na watoto wasiishike. Baba Atupele anaibeba begani, anahema, na mimi namwambia, unahema, basi ndiyo yenyewe.

Harusi ya mwalimu ilipita juzi Jumamosi. Umeme ulipungua mara mbili. Bi harusi aliingia kwa hatua zake mwenyewe, hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyegeuka kunitazama, na hapo ndipo nilipojua imekwenda vizuri. Nilimaliza miguu imevimba, nikakaa juu ya spika, nikala pilau ya watu kwa mkono mmoja. Jana tukairudisha Igogwe. Nikiwa jikoni nyuma nikasikia ameiwasha. Dirisha la upande wa jikoni, ambalo siku zote hufungwa, alikuwa ameliacha wazi. Sijui kwa nini, na siwezi kumwuliza.

Mdogo ameanza kujigeuza. Nina dakika chache.

Santuri hazitoki humu ndani. Baba Atupele mwenyewe ameanza kuzitengenezea rafu, anagonga misumari vibaya sana, simwambii. Nakuahidi nitazigeuza kila wiki zisiote ukungu, na huyu mwenye jina lako nitamshika kidole nimfundishe akishaacha kung'ata kila kitu. Na kwako nitakuja kupalilia mvua ikikatika. Lala, kaka. Wewe lala kwa niaba yetu wote, huku hakuna nafasi hiyo.

Kama kuna njia ya kutuma vitu kutoka huko, bado nahitaji hivi: sindano mbili, za ncha ya duara, siyo zile kali zinazochimba, kipande cha fulana yako cha kupangusia, maana vitambaa vingine vinaacha nyuzi, jina la wimbo wa upande wa pili wa santuri ile iliyochanika karatasi ya katikati, watu wananiuliza, na lile neno ulilokuwa unaninong'oneza wakati wa kuachia sahani, kidole changu kinapotetemeka. Neno moja tu, fupi. Nimejaribu yote ninayoyajua na hakuna lililo lenyewe.

Mdogo wako,
Subilaga